Asilimia 5 ya mafuta ikipotea, mbona bei haipandi kwa asilimia 5?

Alfajiri ya Septemba 14, 2019, droni na makombora yalipiga mitambo ya mafuta ya Abqaiq na Khurais, mashariki mwa Saudi Arabia. Mapipa milioni 5.7 kwa siku yakatoka sokoni kwa mkupuo, takriban asilimia 5 ya mafuta yote yaliyokuwa yakizalishwa duniani. Soko lilipofunguliwa baada ya mapumziko ya mwisho wa wiki, bei ya mafuta ghafi ya Brent, ambayo ndiyo kipimo kikuu cha bei duniani, iliruka karibu asilimia 20 kwa muda mfupi, kisha ikafunga siku ikiwa juu kwa karibu asilimia 15. Kabla mwezi haujaisha, bei ilikuwa imerudi karibu pale pale ilipokuwa siku moja kabla ya shambulio.

Turudi nyuma miaka 40. Mwishoni mwa 1978 wafanyakazi wa visima vya Iran waligoma, na mwanzoni mwa 1979 utawala wa Shah, mfalme wa nchi hiyo, ukaanguka. Wazalishaji wengine waliongeza uzalishaji wao, hivyo pengo lililobaki duniani lilikuwa takriban asilimia 4, dogo kuliko lile la Abqaiq. Lakini ndani ya mwaka mmoja hivi bei ya pipa ilizidi maradufu, kutoka kama dola 14 hadi zaidi ya dola 30. Septemba 1980 vita vya Iran na Iraq vikaanza, bei ikapanda tena, na nchi nyingi zikaingia kwenye mdororo wa uchumi. Bei hizo hazikuporomoka hadi mwaka 1986.

Pengo kubwa lilileta wiki chache za taharuki, na pengo dogo likaleta miaka ya dhiki. Nimeanza na matukio haya mawili kwa sababu habari za mafuta huja zikiwa zimebeba tarakimu moja tu, idadi ya mapipa yaliyopotea, na tarakimu hiyo peke yake haielezi bei itakwenda wapi. Yapo maswali matatu yenye uzito kuliko tarakimu hiyo. Pengo litadumu muda gani? Nani ana akiba, na akiba hiyo iko wapi? Na watu watafanya nini wakishikwa na hofu?

Kwa nini pengo dogo huzaa bei kubwa

Kila siku dunia hutumia mapipa zaidi kidogo ya milioni 100, na pipa moja ni lita 159. Karibu mafuta yote hayo yana kazi iliyokwisha kupangwa. Lori lenye injini ya dizeli haliwezi kuhamia nishati nyingine kesho asubuhi kwa sababu bei imepanda. Ndege iliyokwisha uza tiketi lazima iruke. Mfanyakazi anayeishi mbali na kazini atakwenda kazini, atalalamika, kisha atapunguza matumizi mengine ya nyumbani kabla hajapunguza safari. Makadirio ya wachumi yanatofautiana, ila mengi yanakaribiana hapa: bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi katika miezi ya kwanza hupungua kwa asilimia 1 hivi, pengine hata chini ya hapo.

Geuza hesabu hiyo upande wa pili uone inavyotisha. Ikiwa bei inapaswa kupanda kwa asilimia 10 ili matumizi yashuke kwa asilimia 1, basi pengo la asilimia 5 lisilozibwa na chochote litahitaji bei ipande kwa takriban nusu, ndipo wapatikane watu wa kutosha watakaokubali au watakaolazimika kukosa. Bei haipandi kulingana na ukubwa wa pengo. Hupanda mpaka pale ambapo baadhi ya wanunuzi wanashindwa na kuondoka. Ni mnada, na katika mnada huo mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Wanaoondoka kwanza si wale wanaotumia mafuta kwa anasa bali wale wasio na fedha za kutosha, iwe ni familia au nchi nzima.

Upande wa uzalishaji nao ni mzito. Kisima cha bahari kuu huchukua miaka tangu kugunduliwa hadi kutoa mafuta. Visima vya miamba ya shale nchini Marekani ni vyepesi zaidi, lakini navyo huhitaji miezi. Uwezo unaoweza kufunguliwa haraka, ndani ya siku 30, uko mikononi mwa nchi chache, hasa Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu. Nchi hizo zote mbili ziko kwenye Ghuba ya Uajemi. Kwa hiyo tatizo likitokea Libya au Nigeria, bomba la akiba lipo na linaweza kufunguliwa. Tatizo likiwa kwenye mlango wa Ghuba yenyewe, sehemu kubwa ya akiba hiyo hufungiwa humo humo pamoja na mafuta ya kawaida.

Baada ya miaka kadhaa mambo hubadilika. Watu hununua magari yanayotumia mafuta kidogo, mitambo ya umeme huhamia makaa ya mawe, gesi au nyuklia, viwanda hubadilisha mashine. Kati ya 1979 na 1983 matumizi ya mafuta duniani yalishuka kwa karibu asilimia 10. Hayo ndiyo yaliyochangia bei kuporomoka mwaka 1986. Lakini uchumi unaumizwa katika miezi ya mwanzo, wakati hakuna anayeweza kubadilika.

Akiba na hofu

Tofauti kubwa kati ya 1979 na 2019 ilikuwa kwenye matangi. Mwaka 1979 kampuni za mafuta zilipoona Iran inawaka moto, zilikimbilia kununua na kuhodhi kuliko zilivyohitaji, zikihofia kwamba kesho itakuwa mbaya zaidi. Kila kampuni ikijilinda hivyo, mahitaji huongezeka wakati ule ule mafuta yanapopungua, na pengo linalosikika sokoni huwa kubwa kuliko pengo la kweli. Mwaka 2019 hali ilikuwa kinyume. Maghala yalikuwa na mafuta ya kutosha, uzalishaji wa Marekani ulikuwa umepanda sana, mvutano wa kibiashara kati ya Marekani na China ulikuwa umepoza mahitaji, na Saudi Arabia iliendelea kuwapelekea wateja wake mafuta kutoka kwenye akiba zake huku mafundi wakitengeneza mitambo.

Mfumo wa akiba tulio nao leo ulizaliwa na maumivu ya 1973. Oktoba mwaka huo, wakati wa vita kati ya Israeli na majirani zake, nchi za Kiarabu zilipunguza uzalishaji na kuziwekea vikwazo Marekani, Uholanzi na nchi nyingine zilizoonekana kuiunga mkono Israeli. Kufikia Januari 1974 bei ilikuwa imepanda kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12 kwa pipa. Novemba 1974 likaundwa Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, ambalo nchi wanachama wake zinazoagiza mafuta hutakiwa kuwa na akiba isiyopungua siku 90 za mafuta zinayoagiza. Marekani nayo ilianzisha hifadhi yake ya taifa mwaka 1975, katika mapango ya chumvi chini ya ardhi ya Texas na Louisiana.

Akiba inafanya kazi gani hasa? Machi na Aprili 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, wanachama wa IEA walikubaliana kutoa mapipa milioni 62.7 na kisha milioni 120. Ukiyagawa kwa matumizi ya dunia nzima, hayafiki siku mbili, na wapo waliobeza hatua hiyo kwa hesabu hiyo. Naona hesabu hiyo inapotosha. Akiba haichukui nafasi ya mafuta yote ya dunia, huziba pengo tu. Kwa pengo la mapipa milioni 1 kwa siku, mapipa hayo hutosha nusu mwaka, na nusu mwaka ni muda wa kutosha meli kubadili njia, visima vingine kuongeza uzalishaji, na walanguzi kukosa sababu ya kuficha.

Hofu yenyewe ina bei yake, na kuna siku moja iliyoionyesha waziwazi. Iraq ilipoivamia Kuwait Agosti 1990, zaidi ya mapipa milioni 4 kwa siku yalitoka sokoni, na kufikia Oktoba bei ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu. Usiku wa kuamkia Januari 17, 1991, ndege za muungano ulioongozwa na Marekani zilianza kuishambulia Iraq. Mtu angetarajia bei ipae. Ilianguka kwa takriban theluthi moja siku hiyo hiyo, kwa sababu ilikwisha kuonekana kwamba visima vya Saudi Arabia vingebaki salama, na nchi za IEA zilikuwa zimetangaza kutoa akiba. Visima vya Kuwait vilikuwa havijarudisha hata tone moja. Kilichoondoka sokoni kilikuwa hofu tu.

Hofu hiyo hushuka hadi kwa mwenye gari. Mei 2021 wadukuzi waliilazimu kampuni ya Colonial Pipeline, yenye bomba linalopeleka karibu asilimia 45 ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya Marekani, kusimamisha kazi kwa siku kadhaa. Vituo vingi vilikauka, na kwa sehemu kubwa vilikaushwa na foleni. Matangi ya magari yote yakijumlishwa ni ghala kubwa mno. Siku za kawaida madereva huyaacha yakiwa nusu, mengine yakiwa karibu matupu, na hujaza kwa zamu bila kupanga. Wote wakiamua kujaza ndani ya siku mbili, hakuna mfumo wa usambazaji duniani unaoweza kuhimili, hata kama hakuna kisima kilichofungwa.

Njia ambazo hazina mbadala

Kati ya Iran na Oman bahari inajibana hadi kilomita 33 hivi. Huo ndio Mlango wa Bahari wa Hormuz, na njia yenyewe iliyotengwa kwa ajili ya meli kubwa ina upana wa kilomita 3 hivi kila upande, moja ya kuingia na nyingine ya kutoka. Mwaka 2024 mapipa kama milioni 20 yalikuwa yakipita hapo kila siku, sawa na moja ya tano ya matumizi ya dunia, pamoja na takriban moja ya tano ya gesi asilia iliyopozwa kuwa kimiminika inayouzwa duniani, nyingi yake ikitoka Qatar. Saudi Arabia ina bomba la kuvuka nchi hadi Yanbu kwenye Bahari ya Shamu, na Umoja wa Falme za Kiarabu una bomba la kufika Fujairah, nje ya mlango huo. Yakijumlishwa, mabomba hayo hayawezi kubeba ila sehemu ya mafuta yanayopita baharini, na gesi ya Qatar haina bomba la namna hiyo.

Si lazima meli izamishwe ili bei ipande. Inatosha bima ipande. Meli kubwa ya mafuta hubeba mapipa milioni 2, na kampuni za bima hutoza nyongeza ya hatari ya vita kwa asilimia ya thamani ya meli kwa kila safari. Tuseme meli ina thamani ya dola milioni 100 na nyongeza ni asilimia 1. Hiyo ni dola milioni 1 kwa safari, au senti 50 kwa kila pipa, kabla nahodha hajadai posho ya hatari na kabla mwenye meli hajapandisha bei ya kuikodisha. Hizo ni gharama zinazovumilika. Hatari kubwa zaidi ni pale wenye bima wanapokataa kabisa kuandika mkataba, maana meli isiyo na bima haiondoki bandarini.

Ifananishe Hormuz na Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Tangu Novemba 2023 wapiganaji wa Houthi wa Yemen walizishambulia meli eneo hilo, na kampuni nyingi zikaacha Mfereji wa Suez na kuzunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Safari ya kutoka Ghuba kwenda Ulaya iliongezeka kwa karibu wiki mbili. Mafuta hayakupotea, yalichelewa. Kuchelewa nako kuna gharama, kwa kuwa meli ile ile sasa hufanya safari chache kwa mwaka, hivyo zinahitajika meli nyingi zaidi kubeba mzigo ule ule, na bei ya kukodi meli hupanda. Lakini bei ya mafuta ghafi haikulipuka mwaka 2024. Sababu ni kwamba Suez ina njia ya kuzunguka, ingawa ni ndefu. Kwa sehemu kubwa ya mafuta ya Ghuba, Hormuz haina njia ya kuzunguka. Ukisikia habari ya njia iliyofungwa, ulizia kwanza kama kuna njia nyingine. Urefu wa njia hiyo ni swali la pili.

Mafuta ghafi si petroli

Hakuna injini ya gari inayotumia mafuta ghafi. Lazima yapite kwenye kiwanda cha kusafisha, na viwanda hivyo vinaweza kuwa ndicho kiungo kinachokatika. Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga Ghuba ya Meksiko. Visima vilifungwa, lakini viwanda vya kusafisha navyo vilifungwa, na bei ya petroli nchini Marekani ikaruka kwa kasi kuliko bei ya mafuta ghafi. IEA ilitoa mapipa milioni 60, na sehemu ya msaada wa Ulaya ilikuwa petroli iliyokwisha safishwa. Kumpelekea mafuta ghafi mtu ambaye kiwanda chake kiko chini ya maji hakumsaidii.

Viwanda pia huchagua. Kimoja kimejengwa kwa mafuta mepesi yenye salfa kidogo, kingine kwa mafuta mazito yenye salfa nyingi. Libya ilipoingia vitani mwaka 2011 na mafuta yake mepesi yakakatika, Saudi Arabia ilikuwa tayari kuongeza uzalishaji, ila sehemu kubwa ya mafuta yake ya ziada yalikuwa mazito zaidi, na baadhi ya viwanda vya Ulaya visingeyaweza. Pipa si sawa na pipa.

Mwaka 2022 ndipo dizeli ilipoonyesha uzito wake. Brent iligusa karibu dola 139 mapema mwezi Machi, lakini dizeli ilipanda zaidi ya hapo kwa kiwango chake, kwa sababu Urusi ilikuwa muuzaji mkubwa wa dizeli kwa Ulaya na viwanda kadhaa vya kusafisha vilikuwa vimefungwa wakati wa janga la korona. Katika nchi nyingi dizeli ikawa ghali kuliko petroli. Jambo hili halipewi nafasi inayostahili. Petroli humuumiza mwenye gari dogo. Dizeli huendesha malori, trekta, jenereta, mashine za migodi na za ujenzi, treni nyingi na boti za uvuvi. Bei yake ikipanda, hupanda ndani ya kila bidhaa iliyosafirishwa, na anayeinunua bidhaa hiyo haoni mahali popote palipoandikwa neno dizeli.

Hii pia ndiyo sababu nchi inaweza kuchimba mafuta mengi na bado ikaumia. Nigeria, miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ghafi barani Afrika, kwa miaka mingi iliagiza karibu petroli yake yote kutoka nje, hadi kiwanda cha Dangote kilipoanza kutoa petroli mwaka 2024. Bei ya dunia ilipopanda, ilipata fedha zaidi kwa mafuta ghafi na kuzirudisha nje kununua petroli.

Njia ya bei hadi kwenye pampu

Bei ya lita moja kituoni imejengwa na vitu kadhaa: mafuta ghafi, usafishaji, usafiri na bima, kodi za serikali, faida ya wauzaji, na thamani ya fedha ya nchi dhidi ya dola. Kama mafuta ghafi ni nusu ya bei hiyo, yakipanda kwa asilimia 20 lita hupanda kwa asilimia 10. Nchi ambazo kodi ni kubwa na hutozwa kiasi kilekile kwa kila lita huona ongezeko dogo kwa asilimia, kwa sababu sehemu kubwa ya bei haitikisiki. Ndiyo maana pigo lilelile la soko la dunia huonekana kali Marekani, yenye kodi ndogo, kuliko Ulaya.

Kinachowakera wanunuzi wengi ni kituo kupandisha bei ya mafuta yaliyonunuliwa zamani kwa bei ya chini. Hoja ya muuzaji ina msingi: fedha atakayoipata leo ndiyo atakayonunulia shehena ijayo, na shehena ijayo ni ghali. Akiuza kwa bei ya jana, hatajaza tangi lake. Lakini hoja hiyo ikikubaliwa wakati wa kupanda, ikubaliwe pia wakati wa kushuka, na hapo ndipo mambo huharibika. Mwaka 1991 mchumi Robert Bacon alichunguza petroli ya Uingereza na kuona kwamba bei hufuata upesi gharama zinapopanda, na hushuka polepole zinapopungua. Tafiti nyingi zilizofuata katika nchi mbalimbali zimekuta hali hiyo, ingawa si zote. Sehemu ya sababu ni kwamba wanunuzi huzunguka kutafuta nafuu bei zinapopanda, na huacha kutafuta zikianza kushuka kwa sababu wamepata ahueni kidogo. Ningekuwa msimamizi wa ushindani, ningeweka macho yangu kwenye wiki za kushuka. Katika wiki za kupanda kila mtu tayari anatazama.

Bei inavyoingia kwenye uchumi

Hatua ya kwanza ni ya wazi: mafuta ya gari, ya kupikia, ya jenereta. Ya pili huja baada ya wiki au miezi, kupitia nauli, usafirishaji wa mizigo, chakula, plastiki, lami. Ya tatu ndiyo inayowanyima usingizi magavana wa benki kuu. Wafanyakazi wakiamini kwamba bei zitaendelea kupanda hudai mishahara mikubwa, wenye viwanda wakiamini hivyo hupandisha bei mapema, na mfumuko wa bei hujiendesha hata baada ya mafuta kushuka.

Benki kuu hujikuta kwenye njia panda. Ikipandisha riba, inazima mfumuko lakini inaumiza biashara ambazo tayari zimeelemewa na gharama. Ikiiacha riba chini, inawaachia watu waamini kwamba bei hazitadhibitiwa. Haina uwezo wa kuchimba mafuta. Benki kuu ya Marekani chini ya Paul Volcker ilichagua ukali, na riba yake ikafika karibu asilimia 20 mwaka 1980 na 1981. Mfumuko ulivunjika, pamoja na ajira nyingi. Na pigo halikuishia Marekani. Fedha ambazo nchi zenye mafuta zilikuwa zimevuna miaka ya 1970 zilikuwa zimewekwa katika benki za Magharibi, nazo benki zikazikopesha nchi zinazoendelea kwa riba inayopanda na kushuka. Riba ilipopaa, madeni hayo hayakulipika. Agosti 1982 Meksiko, nchi yenye mafuta yake yenyewe, ilitangaza kwamba haiwezi kulipa, na nchi nyingi za Amerika ya Kusini na Afrika zikafuata katika miaka ya dhiki iliyokuja.

Wachumi wamebishana kwa miongo kuhusu nani alaumiwe. Mwaka 1983 James Hamilton alionyesha kwamba karibu midororo yote ya Marekani tangu Vita vya Pili vya Dunia ilitanguliwa na kupanda kwa bei ya mafuta. Mwaka 1997 Ben Bernanke na wenzake wakajibu kwamba sehemu kubwa ya madhara ililetwa na jinsi benki kuu ilivyopandisha riba. Baadaye Lutz Kilian akasisitiza kuuliza kwanza bei imepandishwa na nini. Inaponyanyuliwa na uchumi wa dunia unaokua, kama ilivyokuwa China ilipokuwa ikijenga kwa kasi katika miaka ya 2000, watu wanaweza kuilipa kwa muda kwa sababu wana kazi na mauzo. Inaponyanyuliwa na kukatika kwa mafuta, hakuna kipato kipya cha kuilipia. Hoja ya Kilian ndiyo inayonishawishi zaidi, na ndiyo inayosahaulika upesi pindi bei inapopanda.

Kwa nchi inayoagiza mafuta yote, kuna pigo la pili ambalo takwimu za dunia hulificha. Mafuta hulipiwa kwa dola. Bei ikipanda, nchi inahitaji dola nyingi zaidi kwa kiasi kilekile, mahitaji hayo hushusha thamani ya fedha yake, na fedha ikishuka thamani lita inapanda tena hata kama Brent imetulia. Dola zikiisha kabisa, bei haina maana tena. Sri Lanka ilifika huko mwaka 2022. Mwishoni mwa Juni serikali ilisimamisha uuzaji wa petroli na dizeli kwa magari yasiyo ya huduma muhimu, watu wakalala kwenye foleni, na Julai rais Gotabaya Rajapaksa akaikimbia nchi. Matatizo yake yalianza kabla ya hapo, kwa madeni na sera mbovu. Mafuta ndiyo yaliyoyafikisha ukingoni.

Lipo jambo la kutia moyo. Ili kuzalisha thamani ileile ya bidhaa na huduma, dunia ya leo hutumia chini ya nusu ya mafuta yaliyohitajika mwaka 1973. Pigo lenye ukubwa uleule huuma kidogo kuliko zamani, walau kwa uchumi ulioweza kuhama.

Serikali zinapojibu

Njia ya kwanza inayoshawishi ni kuzuia bei kwa amri. Marekani ilidhibiti bei miaka ya 1970 na ikavuna foleni, hadi majimbo mengine yakawapangia madereva siku za kununua kulingana na namba za magari, shufwa siku moja na witiri siku ya pili. Bei ikizuiwa, uhaba hauondoki. Hugeuka kuwa saa za kusubiri, na anayepata ni mwenye muda au mwenye kujuana.

Ya pili ni ruzuku. Kwa hesabu za IEA, ruzuku za matumizi ya mafuta, gesi na makaa ya mawe, pamoja na umeme unaotokana navyo, zilipita dola trilioni 1 duniani mwaka 2022. Naelewa kwa nini serikali huikimbilia, maana nauli ikipanda ghafla barabara hujaa waandamanaji. Lakini ruzuku ya lita humfikia zaidi anayechoma lita nyingi, na huwafanya watu waendelee kutumia kama zamani wakati mafuta hayapo. Fedha hizo zikipelekwa moja kwa moja kwa familia zenye kipato kidogo na kwenye usafiri wa umma, zinawafikia walioumia bila kuongeza mahitaji ya mafuta.

Upande wa kupunguza matumizi ndio unaopuuzwa zaidi, ingawa una historia. Novemba 1973 Uholanzi na Ujerumani Magharibi zilipiga marufuku magari binafsi barabarani siku za Jumapili, na Januari 1974 Marekani iliweka kikomo cha taifa cha kasi cha maili 55 kwa saa. Machi 2022 IEA ilitoa mapendekezo 10: kupunguza kasi ya barabara kuu kwa kilomita 10 kwa saa, kufanya kazi nyumbani hadi siku tatu kwa wiki, kupunguza nauli za usafiri wa umma, na mengine ya aina hiyo. Ilikadiria kwamba nchi zilizoendelea zikiyafuata yote zingeokoa mapipa milioni 2.7 kwa siku ndani ya miezi minne. Akiba iliyoahidiwa Machi na Aprili ile, ikigawanywa kwa nusu mwaka, ni mapipa milioni 1 tu kwa siku.

Juni hadi Agosti 2022 Ujerumani ilijaribu ruzuku na kupunguza matumizi kwa pamoja. Ilipunguza kodi ya petroli kwa senti 35 hivi za yuro kwa lita, na miezi ile ile ikauza tiketi ya yuro 9 kwa mwezi, inayomruhusu mtu kupanda treni za kawaida, mabasi na tramu nchi nzima. Tiketi takriban milioni 52 ziliuzwa. Hatua ya kwanza ilimrahisishia mtu kuendelea kuendesha wakati dizeli ya Urusi ilikuwa mashakani, ya pili ilimpa namna ya kuliacha gari nyumbani. Punguzo la kodi lilikoma mwisho wa Agosti bila kuacha kitu. Tiketi nayo ilikoma siku hiyo hiyo, lakini abiria waliidai tena, na Mei 2023 ikarudi kama tiketi ya kudumu ya nchi nzima, kwa yuro 49 kwa mwezi.